Chelezo Kimenyamaza, Chumvi Imepanda: Kutafuta Kasoro za Vyombo vya Bahari ya Kina

Mtu akikwama na chombo chake cha baharini, ujumbe wa kwanza anaonitumia huwa ni huu: "Chelezo changu kimekufa." Nikimuuliza ujumbe wa mwisho wa chelezo ulisema nini, mara nyingi hajausoma. Kaangalia joto na chumvi, akaishia hapo. Lakini vyombo hivi, mara nyingi, huaga kabla ya kuondoka, na huaga kwa namba za kiufundi: volti za betri, mgandamizo wa hewa ndani ya mtungi, muda ambao pampu ilizunguka, mgandamizo uliosomwa kikiwa juu ya maji. Ukiwa na tatizo lolote kati ya haya yanayofuata, fungua hizo kwanza. Kwenye hazina za data za Argo, mradi wa dunia wa vyelezo vinavyopima bahari, zimewekwa katika faili linaloishia na _tech.nc, ambalo watu wengi hawalipakui kabisa.

Nimeshikilia zaidi vyelezo vya Argo kwa sababu ndivyo vingi, takribani 4,000 duniani kote, na data yake ni ya bure kwa yeyote mwenye intaneti, awe Mombasa, Mtwara au Muscat. Vyombo vinavyokaa sakafuni mwa bahari na kuzungumza kwa sauti nimeviweka mbele kidogo.

Ili kujua kasoro iko wapi, shika safari yenyewe. Chelezo ni mtungi mwembamba wenye kilo 20 hadi 30. Pampu ikisukuma mafuta kwenda kwenye kibofu cha nje, mtungi unakuwa mkubwa bila kuongezeka uzito, basi unapanda. Mafuta yakirudi ndani, unazama. Kwa kawaida chelezo huzama hadi mita 1,000, hukokotwa na mkondo kwa siku tisa hivi, hushuka hadi mita 2,000, kisha hupanda kikipima joto, chumvi na mgandamizo njiani. Mawimbi ya redio hayapenyi maji ya chumvi, kwa hiyo hakiwezi kusema neno mpaka antena itoke nje. Mzunguko mmoja ni siku kumi. Kasoro basi inaweza kuwa kwenye kupanda, kwenye kupima, kwenye kutuma, au kwako wewe unayesoma. Ninaanza na huyu wa mwisho, kwa sababu ndiye anayepatikana na hatia mara nyingi.

Namba hazieleweki

Joto la nyuzi 99999 si kasoro ya kihisio. Hiyo ni alama ya "hapa hakuna kipimo", na programu yako imeichukua kama namba halisi. Ukikuta wastani wa joto la bahari umeruka hadi maelfu, tafuta hiyo 99999 kabla ya kitu kingine.

Tarehe nazo. Argo huhesabu siku kuanzia tarehe 1 Januari 1950. Programu nyingi za kompyuta huhesabu kuanzia 1970. Ukichanganya, data ya mwaka 2024 itakuja imeandikwa 2044, na kosa hilo afadhali, maana linaonekana.

Kosa lisiloonekana ni la kuchukua safu isiyo yake. Kila kipimo kina safu mbili: ile iliyotoka kwenye chombo, kama PSAL kwa chumvi, na ile iliyosahihishwa, PSAL_ADJUSTED. Angalia DATA_MODE. Ikiwa ni R, data imepita ukaguzi wa kompyuta tu, ndani ya saa chache baada ya kufika. Ikiwa ni A, kuna sahihisho la moja kwa moja. Ikiwa ni D, mtaalamu ameipitia kwa macho yake, na hilo huchukua kama mwaka mmoja au zaidi. Kwa A na D tumia safu iliyosahihishwa. Kisha angalia alama ya ubora ya kila kipimo: 1 ni kizuri, 2 huenda ni kizuri, 3 huenda ni kibaya, 4 ni kibaya. Nimeona mchoro mzuri kabisa wa "bahari inaongezeka chumvi" ambao wote ulikuwa wa alama 4. Mwenyewe alikuwa ameufanyia kazi miezi mitatu. Ilituuma sote.

Na usishangae kukosa kipimo cha juu kabisa ya maji. Pampu inayovuta maji kupita kwenye kihisio huzimwa mita kama tano kabla ya uso, ili isinyonye mafuta na uchafu unaoelea.

Chelezo kimenyamaza

Hesabu siku kwanza. Kimya cha siku kumi na mbili si kitu. Kimya cha siku ishirini na moja maana yake kimekosa mzunguko mmoja. Subiri mzunguko unaofuata, kisha tazama namba yake. Namba ikiruka moja, chelezo kilifanya kazi yake chini na kilishindwa kutuma tu. Kwa vinavyotumia ujumbe mfupi wa Iridium (setilaiti za mawasiliano), kila ujumbe una namba yake ya mfululizo. Pengo kwenye mfululizo huo linakuambia ujumbe ulipotea katikati ya chelezo na dawati lako, na tatizo huenda liko kwenye seva au sanduku la barua pepe, wala si baharini.

Vyelezo vya zamani vilivyotumia Argos (mfumo wa setilaiti, si mradi wa Argo) vilikuwa na shida nyingine. Mawasiliano yalikwenda upande mmoja, kwa hiyo chelezo hakikujua kama kimesikika. Kilirudia ujumbe ule ule kwa saa 6 hadi 12 kikielea juu. Katika data hizo, kipimo kimoja kilichoruka peke yake mara nyingi ni ujumbe uliofika umeharibika. Linganisha nakala zake, chukua ile inayokubaliana na namba ya uhakiki.

Kwenye upande wetu wa Bahari ya Hindi, ongeza majira kwenye orodha ya washukiwa. Kusi ikishika, hasa Juni hadi Agosti, bahari ya Somalia huchafuka vibaya. Antena fupi inayofunikwa na wimbi kila sekunde chache inakata mawasiliano katikati. Ujumbe unafika nusu nusu, kisha hali inatulia kaskazi ikianza. Nikiona mfano huo ninangoja.

Ikiwa kimya kimezidi mizunguko mitatu, rudi nyuma kwenye zile namba za kiufundi na uzipange kwa mfululizo wa mizunguko yote, si ule wa mwisho peke yake.

Volti za betri zisome wakati pampu inafanya kazi, si wakati imepumzika. Betri iliyochoka huonekana nzima ikiwa haina mzigo. Katika mita 2,000 pampu inasukuma mafuta dhidi ya mgandamizo wa karibu mara 200 ya ule wa hewa tunayovuta, na hapo ndipo uchovu unapojionyesha. Volti chini ya mzigo zikiwa zimeshuka kidogo kidogo kwa miaka minne au mitano, chelezo kimemaliza umri wake na hakuna la kutafuta.

Mgandamizo wa ndani ni wa pili. Mtungi hufungwa hewa yake ikiwa imepunguzwa. Ukiona unapanda mzunguko kwa mzunguko kuelekea ule wa hewa ya kawaida, kuna kitu kinaingia, au kuna gesi inazaliwa ndani kwenye betri. Chelezo cha namna hiyo kikinyamaza, hakirudi.

Muda wa pampu ni wa tatu. Ukirefuka ghafla wakati wa kupanda, chelezo kimekutana na maji mepesi kuliko kilivyopangiwa. Katika Ghuba ya Bengal, maji matamu ya mito mikubwa hukaa juu kama kifuniko. Chelezo kinachopanda vizuri kutoka chini kinafika kwenye kifuniko hicho na kukosa nguvu ya kukipenya. Kinabaki chini ya uso mita chache tu, kizima, kikipima, bila sauti.

Wa nne ni kugonga chini. Chelezo kimepangiwa kuelea mita 1,000, lakini mkondo haujali mpango. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unakwenda kaskazini karibu sana na nchi, na sakafu yetu hupanda haraka: mlango wa bahari kati ya Pemba na bara una kina cha mita mia kadhaa, na ule wa Unguja ni makumi ya mita tu. Chelezo kikiingia huko kinalala kwenye tope. Dalili zake ni mgandamizo wa kuelea usiobadilika kabisa kwa siku nzima, mahali pasipobadilika mzunguko hadi mzunguko, na profaili (vipimo vya mpando mmoja) inayoanzia kina kifupi kuliko kilichoagizwa. Chenye Iridium kinapokea amri. Kipunguzie kina cha kuelea ukiwa bado unakipata, mkondo ukitoe. Tope likiingia kwenye kihisio cha chumvi ni shida nyingine tena.

Mgandamizo haurudi sifuri

Hili ninalichunguza kabla ya chumvi, kwa sababu chumvi haipimwi moja kwa moja. Inakokotolewa kutoka kwenye upitishaji wa umeme, joto na mgandamizo. Mgandamizo ukikosea, kila kitu kimewekwa kwenye kina kisicho chake.

Chelezo kikiwa juu ya maji, mgandamizo wa maji unapaswa kusoma sifuri au karibu sana. Tofauti inayoonekana hapo ndiyo unayoitoa kwenye profaili nzima. Ikikua polepole kwa miezi, ni uchovu wa kawaida na unasahihishika. Ikishuka upande wa hasi na kuongeza kasi, shuku kihisio kinachovuja mafuta yake ya ndani. Kundi la vihisio lenye kasoro hiyo liligunduliwa mwaka 2009 na likawasumbua watu wa Argo kwa miaka.

Sifuri iliyonyooka kabisa nayo itiliwe shaka. Baadhi ya vyelezo vya aina ya APEX vyenye kidhibiti cha Apf8 viliandika sifuri kila mara thamani ilipokuwa hasi. Basi kihisio kinachopotoka upande wa hasi kilionekana kamilifu, mwaka baada ya mwaka, sifuri, sifuri, sifuri. Matokeo yake maji baridi ya chini yaliandikwa kuwa yako juu kuliko yalipo, na bahari ikaonekana baridi kuliko ilivyo. Katika data za kweli kuna mtikisiko kidogo siku zote. Usipouona, jiulize kwa nini.

Chumvi inapanda au inashuka

Hapa ndipo watu hukosea pande zote mbili: wanaamini kihisio kibovu, au wanaitupa bahari halisi.

Kihisio chenyewe ni mrija mwembamba wa kioo wenye elektrodi ndani. Chochote kinachouziba au kuupaka, iwe utando wa viumbe, mafuta au tope, hupunguza umeme unaopita, na namba hushuka: maji yanaonekana matamu kuliko yalivyo. Chelezo kipya kikionyesha chumvi pungufu katika mizunguko ya mwanzo kisha kikajirekebisha chenyewe, mara nyingi ni ile dawa ya kuzuia viumbe kuota, iliyowekwa mlangoni mwa mrija, ndiyo iliyoingia ndani na sasa imeoshwa. Kupanda polepole kusikokoma ni habari nyingine. Katikati ya miaka ya 2010 vihisio vingi vilianza kupotoka upande wa chumvi kupita kiasi mapema sana, na programu za ukaguzi zimekuwa zikivifuatilia kimoja kimoja tangu hapo.

Kipimo changu ni hiki. Nenda chini, mita 1,800 hadi 2,000, ambako bahari hubadilika kidogo mno. Usilinganishe kwa kina, linganisha kwa joto: maji yenye nyuzi ile ile yana chumvi gani kwenye mzunguko wa kwanza, wa hamsini, wa mia? Kisha chukua vyelezo vya jirani vilivyopita hapo karibuni. Lengo la Argo kwa chumvi ni usahihi wa 0.01. Tofauti inayokua kwa mwendo mmoja katika kina hicho chote, wakati majirani wametulia, ni ya kihisio.

Sasa, kwa bahari yetu, chukua tahadhari hii kwa uzito. Katika kina cha mita 600 hadi 1,000 hivi, maji mazito yenye chumvi nyingi yaliyotoka Bahari ya Shamu kupitia Bab el Mandeb husambaa hadi pwani ya Somalia na kuendelea kusini yakichanganyika. Kutoka upande wa kusini yanakuja maji mengine ya kina hicho hicho, yenye chumvi kidogo, yaliyozaliwa karibu na Antaktika. Chelezo kinachopita kwenye mpaka wao kinaweza kuruka chumvi nyingi ndani ya mzunguko mmoja, kisha kikarudi. Hiyo ni bahari. Nimewahi kuona profaili kama hiyo imepigwa alama ya 3, na ndiyo ilikuwa profaili ya thamani kuliko zote za mwaka ule, kwa sababu ilishika donge zima la maji ya Shamu likipita. Alama yake ni kwamba ruko liko katikati tu, na chini kabisa kumetulia. Kihisio kikiharibika hakichagui kina.

Cha sakafuni hakijibu

Vyombo vilivyokaa sakafuni hupeleka data kwa modemu ya sauti, ama kwa meli iliyosimama juu yake, ama kwa boya lenye setilaiti. Sauti ndani ya bahari huenda mita 1,500 hivi kwa sekunde. Chombo kilicho mita 3,000 chini kinahitaji sekunde mbili kukusikia na mbili nyingine kukujibu, bila kuhesabu muda wa kufikiri. Programu ya mezani ikiwa imepangiwa kungoja sekunde tatu, itasema "hakuna jibu" milele, na chombo kitakuwa kimejibu kila mara. Rekebisha hilo kabla hujamsumbua nahodha.

La pili ni kelele. Usiku mmoja tulikuwa tumesimama juu ya chombo kwa saa mbili, tumeita mara arobaini na kupata majibu manne, yote yameharibika. Nikapanda juu.

"Shikamoo nahodha. Naomba tuzime mtambo, na ile mashine ya kupima kina."

"Marahaba. Kwa muda gani, mwanangu?"

"Dakika kumi na tano."

Akaangalia dirishani, akaangalia skrini. "Kumi. Mkondo unatusogeza."

Mtambo ulipozimwa nikasikia mwenyewe kwenye vipaza sauti vya masikioni: maji yakipiga ubavu, kimya, kisha mlio mwembamba unaopanda, kama wa ndege mdogo, sekunde nne baada ya kila wito wetu. Kilikuwa kinajibu tangu mwanzo. Mashine ya kupima kina ya meli ilikuwa ya kilohezi 12, katikati kabisa ya masafa ya modemu yetu.

Usisahau pia kushusha kichwa cha modemu mita kadhaa chini ya tumbo la meli, kupita mapovu. Usikae mbali na wima wa chombo: umbali wa pembeni ukifika sawa na kina, mawimbi ya sauti yameshapindwa na tabaka za joto na yanakuja kwa njia mbili tatu kwa pamoja. Kasi ya kutuma ipunguze. Afadhali data ya saa tatu iliyokamilika kuliko ya nusu saa yenye mashimo.

Kikijibu wito wa umbali lakini hakitoi data, modemu ni nzima. Tatizo ni kati yake na kinasa: kebo, betri ya kinasa, au kasi ya mawasiliano isiyolingana kati ya vifaa viwili. Hilo la kasi huwa limefanywa na sisi wenyewe sitahani, siku ya kushusha.

Kwenye vituo vya kupima tsunami vya aina ya DART, kuna dalili inayowatisha wageni: data iliyokuwa ikija kwa hatua za dakika 15 inaanza ghafla kumiminika kwa hatua za sekunde 15. Chombo hakijaharibika. Kimehisi mabadiliko kwenye mgandamizo, mara nyingi mtikisiko wa tetemeko lenyewe, kikabadili namna ya kuripoti. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi yalivuka bahari hii kwa saa kadhaa mpaka Somalia, Kenya na Tanzania, na hapakuwa na kituo cha kina kirefu cha kuyatangaza. Kwa hiyo mtu akinipigia kuniambia kituo "kinaropoka", naomba aangalie matetemeko ya saa iliyopita kabla ya kugusa chochote.

Saa ya chombo cha sakafuni haina GPS ya kuirekebisha. Ilinganishe na GPS kabla ya kushusha na mara tu kikipandishwa, kabla ya kuzima umeme, kisha gawa tofauti kwa muda wote. Betri ikifa kabla ya kupandishwa, mlinganisho wa pili umepotea.

Kimerudi na maji ndani

Usikikimbilie. Mtungi uliovuja kina kirefu unaweza kurudi juu ukiwa na mgandamizo ndani, na betri za lithiamu zilizolowa huzalisha gesi. Mfuniko usielekezwe kwa mtu, boliti zilegezwe kidogo kidogo kwa zamu, na kukiwa na joto au harufu kali, kiache nje sitahani penye upepo.

Ukishafungua, oringi (pete ya mpira inayozuia maji) itoe kwa kijiti cha plastiki, si kwa bisibisi. Iweke kwenye mwanga na uizungushe. Mara moja nilikuta uzi mmoja wa pamba, urefu wa kucha, umelala kukatiza mfereji. Pande zake mbili palikuwa na mstari mweupe wa chumvi iliyokauka, ukionyesha njia ambayo maji yalipita. Uzi ulitoka kwenye kitambaa tulichofutia. Tangu hapo ninafutia karatasi isiyotoa nyuzi, ninapaka grisi kiasi cha kung'arisha tu, na ninapitisha kidole kitupu kwenye mfereji mzima kabla ya kufunga, kwa sababu kidole kinagundua unywele ambao jicho limeupita.

Chelezo kinatembea

Mahali panabadilika kwa mstari ulionyooka, haraka kuliko mkondo wowote. Joto linapanda mchana na kushuka usiku. Chumvi ni sifuri. Kisha ramani inakionyesha ndani ya kijiji. Kimeokotwa na wavuvi, au kimesukumwa ufukweni.

Ukiwa wewe ndiye uliyekiokota, au umepigiwa simu na aliyekiokota: msikitoboe, msikikate, msikikaribishe na moto, maana ndani mna betri za lithiamu na mafuta yenye mgandamizo. Kiwekeni kivulini, nje ya nyumba, mbali na watoto. Pigeni picha ya lebo ili namba zote zisomeke, andikeni mahali na siku kilipopatikana, kisha mpeleke taarifa kwa anwani iliyo kwenye lebo hiyo au kwa taasisi ya utafiti wa bahari iliyo karibu: KMFRI kwa walio Kenya, Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Unguja kwa walio Tanzania. Kama kina sumaku iliyobandikwa ubavuni, iacheni palepale ilipo.